Riwaya ya mtoto wa vita: London au Copenhagen?

Ukimwandikia msomaji wa miaka 11 riwaya ya mtoto wa Vita vya Pili vya Dunia, London ya Septemba 1939, watoto walipohamishiwa vijijini kukwepa mabomu, imejaa vitu vidogo vya kushikika: lebo yenye jina iliyofungwa kwenye koti, kinyago cha gesi ndani ya boksi, treni, kisha ukumbi wa kijijini ambako wenyeji wanachagua mtoto wa kumchukua. Anayebaki wa mwisho ndiye mhusika wako.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ya Oktoba 1943 ina mbio zaidi. Wayahudi zaidi ya 7,000 waliokuwa wakiwakimbia Wanazi walivushwa hadi Uswidi, wengi kwa mashua za wavuvi, na watoto wengine walipewa dawa ya usingizi wasilie. Msomaji atakesha nayo.

Mimi ningechukua London, japo ni polepole. Usiku wa kwanza kwa watu usiowajua, mtoto yeyote aliyepelekwa bweni anaujua.