Nilipanga miezi mitatu tu Ilazo, Dodoma: nyumba, maji na mama mwenye nyumba

Nilihamishiwa Dodoma kikazi mwishoni mwa Machi, ofisi iko Mtumba, familia nikaiacha Dar maana watoto wako shule na kuwatoa katikati ya muhula roho ilikataa. Kwa hiyo nilikuwa natafuta sehemu yenye fenicha ya miezi mitatu tu, Juni shule zikifungwa ndo tutafute nyumba ya familia kwa utulivu. Nilijua ni kazi ya siku mbili, nikalala gesti siku tisa.

Kwanza ni kodi ya miezi sita. Karibu kila niliyempigia jibu lilikuwa hilo hilo, ukimwambia mitatu anakata simu. Pili nilifika wakati mbaya, Bunge la bajeti linaanza Aprili linaenda mpaka Juni, mji unajaa wabunge na madereva wao na maafisa wa wizara, na nyumba zenye vitu ndani zinagombaniwa. Kuna chumba na sebule Area C nilionyeshwa kwa laki sita, jioni nampigia dalali nilipe ananiambia kaka imeshafika laki nane kuna mheshimiwa anaiulizia. Na hapo kila nyumba unayoonyeshwa elfu kumi, uipende usiipende, nilizunguka sita. Ile hela inaniuma mpaka leo maana mbili kati ya hizo nilikuta tayari zina watu na dalali alikuwa anajua kabisa.

Hii ya Ilazo nimeipata kupitia dada mmoja wa ofisini, dalali hakuwepo. Chumba kimoja masta, sebule, jiko, laki tano na nusu kwa mwezi, unalipa mwezi mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja. Ni nyumba nne kwenye geti moja na mama mwenye nyumba anakaa hapo hapo.

Sasa nisemee maji, kwa sababu hapa ndo watu tunaotoka Dar tunakosea, unaingia unaangalia sofa na tivii. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa ni ya visima vya Mzakwe na mji umekua haraka sana tangu serikali ianze kuhamia 2016, mgao upo. Kwenye nyumba moja ya kule Kisasa, nzuri, malumalu mpaka ukutani, nilifungua bomba la jikoni likakohoa hewa mara tatu likanyamaza, mwenye nyumba anasema yatatoka kesho. Hapa Ilazo mama alinipeleka mwenyewe nyuma ya nyumba akagonga simtanki kwa mkono, lita 5,000, akaniambia mwanangu sikiliza, juu panalia wazi chini panalia zito, maji yapo mpaka hapa. Miezi mitatu nimekosa maji siku moja tu. Ila yana chumvi, birika langu la umeme lilishika ukoko mweupe ndani ya wiki tatu, ya kunywa nunua ya dukani.

LUKU kila nyumba ina mita yake, na hili ulizeni kabla hamjatoa hela, kuna nyumba niliyoonyeshwa mita moja wanachangia wapangaji watatu, mmoja ana saluni ya dreda na jirani zake wanapika na jiko la umeme, hapo mtagombana kila wiki tu.

Kilichonigusa zaidi ni mkataba. Mama alichana karatasi ya kaunta buku tukakaa mezani akaandika kwa mkono tarehe ya kuingia, ya kutoka, dipoziti itarudi lini, halafu tukahesabu vitu pamoja, vijiko sita, uma nne, sufuria tatu na moja haina mfuniko, akaandika na hilo la mfuniko. Kesho yake tukaenda wote ofisi ya serikali ya mtaa tukagonga muhuri. Wenye apatimenti za bei kubwa kuliko hii waliniambia tuaminiane tu.

Mapungufu yapo. Vumbi, upepo wa Dodoma ukianza unafuta meza asubuhi jioni unaandika jina lako, na madirisha ya sebuleni hayafungi vizuri. Juni usiku ni baridi kweli na blanketi la nyumba ni jepesi, njoo na lako. Waifai hakuna, nilikuwa naishi kwa bando. Na kwa anayefanya kazi Mtumba ni mbali, ule mji wa serikali uko nje kama kilomita 17 kutoka katikati, mimi nilikuwa nachukua bajaji mpaka Nanenane halafu daladala, saa kumi na mbili na nusu uwe umeshatoka. Ukitaka karibu angalia Nzuguni au Ihumwa, japo zenye fenicha huko mimi sikupata.

Nawapa nyota nne, ya tano ni madirisha.

Pasaka mke wangu alikuja na watoto kwa SGR, mama akatuongezea godoro bila kudai shilingi. Nimetoka tarehe 30 Juni, tukahesabu tena kwa ile ile karatasi, dipoziti ikaingia kwenye simu nikiwa bado nafunga begi, imepungua elfu tatu ya glasi aliyovunja mwanangu wa mwisho.