Mabehewa ya boksi ya HO kwa reli ya 1953: Accurail ya kuunga mwenyewe au Kadee PS-1 iliyo tayari?

Hapa nazungumzia treni za modeli, na mabehewa ya boksi ni yale ya mizigo yaliyofunikwa, yenye mlango ubavuni; Accurail na Kadee ni watengenezaji wa modeli hizo, na PS-1 ni behewa mojawapo la Kadee. Nianze na jibu kabisa kwa wasio na muda wa kusoma gazeti. Kama unataka behewa moja tu la boksi la Marekani la miaka ya 50, liwe sahihi bila wewe kuligusa, nunua Kadee PS-1 basi. Kama unataka treni ndefu, mabehewa kumi na tano ishirini nyuma ya injini ya mvuke, na mfuko wako haujatuna, jaza Accurail, chomeka Kadee chache katikati, halafu tafuta keekee ndogo ya mkono na wembe mzuri maana kazi utaifanya mwenyewe.

Haya, sasa kwa wenye muda.

Mimi nacheza HO, skeli ya 1 kwa 87, yaani futi moja ya kweli inakuwa milimita 3.5 mezani, na reli yangu nimeifunga kwenye mwaka 1953, Marekani upande wa mashariki. Watu wa nyumbani huniuliza mbona usijenge ya Mombasa mpaka Kampala, na mimi nawajibu ningependa, ila ile ni reli ya upana wa mita moja, kwenye HO inakuwa kama milimita 11.5 hivi, watu hutumia njia ya milimita 12, na mabehewa ya East African Railways huyakuti yamepangwa kwenye rafu kama haya ya Marekani, unachonga mwenyewe mwanzo mwisho. Siku moja inshallah.

Sasa ukishafunga mwaka, kila behewa unalolipenda dukani inabidi ulihoji: ulitengenezwa lini, na 1953 ulikuwa bado njiani au ulishauzwa chuma chakavu? Hapa ndipo wengi wananikimbia wanasema treni ni treni bwana. Sawa, kila mtu na starehe yake, lakini kama unalipia hela ya behewa linaloitwa la kihistoria basi angalau liwe la historia hiyo unayoitaka.

Mtego unaonasa wengi ni yale mabehewa ya barafu yenye matangazo ya bia na nyama ubavuni, yana rangi mpaka unasikia njaa, na yanauzika kweli kweli. Kwa 1953 hayafai. Tume ya biashara ya Marekani, ICC, ilipiga marufuku matangazo ya namna ile kwa uamuzi wa 1934 na mpaka 1937 yalitakiwa yawe yameshafutwa, kwa hiyo unayoyaona nyuma ya dizeli kwenye meza za watu ni mapambo tu. Kingine ni bogi (fremu za magurudumu chini ya behewa) za arch bar, zile zilizofungwa kwa bapa za chuma na bolti, zilizuiwa kupita kwenye reli za kampuni nyingine mwanzoni mwa miaka ya 40. Breki nazo, mfumo wa AB ulianza kuwekwa kwenye mabehewa mapya 1933, ule wa zamani wa K ukavumiliwa vumiliwa hadi 1953 ndio ukakatazwa kubadilishana kati ya kampuni na kampuni. Huo ndio ulionifanya niuchague mwaka huu, maana nikiukuta mfumo wa K chini ya behewa najua moja kwa moja halitoki kwenda kwa jirani.

Juu ya paa angalia ule ubao wa kutembelea. Ulikuwa wa mbao, kisha kuanzia katikati ya miaka ya 40 mabehewa mapya yakawekewa wa chuma chenye matundu, na kuanzia 1966 mabehewa mapya hayana kabisa. Ukikuta behewa halina ubao juu, hilo ni la baba mwenye nyumba mwingine, liache. Halafu kile kibandiko cha ACI, cha kusomwa na mashine, chenye mistari ya rangi kilianza 1967, nimekiona kwenye behewa ambalo mwenyewe anaapa ni la enzi za mvuke, nikanyamaza tu.

Lakini kosa kubwa kuliko yote, na hili ni la tasnia nzima sio la kampuni moja, ni mwili mmoja kupakwa nembo za reli kumi na tano ambazo nusu yake hazikuwahi kumiliki behewa la umbo hilo. Rangi safi, herufi kali, namba ni ya kweli kabisa, ila behewa lenye namba hiyo lilikuwa fupi zaidi, au mlango wake mwingine, au ncha zake nyingine. Dawa yake ipo, inaitwa Official Railway Equipment Register, kitabu kilichokuwa kinatolewa kila robo mwaka kikiorodhesha mabehewa ya kila kampuni kwa namba, pamoja na urefu, upana, kimo cha ndani na upana wa mlango. Matoleo ya zamani yanapatikana, unachukua namba iliyoandikwa ubavuni, unatafuta iko kwenye safu gani, unasoma kimo. Dakika mbili. Fanya kabla ya kulipa sio baada.

Kimo ndio nakisisitiza sana kwa sababu hakirekebishiki. Boksi za Pennsylvania aina ya X29 za miaka ya 20 ziko chini, muundo wa 1932 wa ARA, chama cha kampuni za reli za Marekani, una futi 9 na inchi 4 ndani, ule wa 1937 wa AAR, chama kilichoirithi ARA, ni futi 10, na baada ya vita futi 10 na inchi 6 zikawa ndio kawaida. Utasema inchi 6 ni nini, kwenye HO ni milimita 1.75 tu. Ni kweli, kwa behewa moja huoni kitu. Lakini ukipanga treni nzima jicho linaona, treni ya kweli ya 1953 ukiitazama kwa ubavu paa zinapanda na kushuka, ukinunua mwili wa aina moja juu kunanyooka kama rula na treni inakufa hapo hapo. Kwa hiyo mimi nanunua umbo: kimo, ncha, paa. Vishikio, magurudumu, kapla (viungo vya kuunganisha mabehewa), tarehe, uchafu, hivyo vyote utaviweka mwenyewe, umbo huliwezi.

Tuje kwenye bidhaa zenyewe.

Kadee PS-1. Ya kweli ni muundo wa kiwanda cha mabehewa cha Pullman-Standard kuanzia 1947, na unaijua kwa ncha zake na paa lake lenye vibonyeo vya umbo la tai ya kipepeo, kampuni ilitengeneza vya kwake haikununua vya wengine. Kadee wamevipata. Ngazi na vishikio vimewekwa kimoja kimoja, ubao wa juu unaona mpaka chini kupitia matundu, mabomba ya breki yapo, kapla ni zao wenyewe za chuma, unatoa kwenye boksi unaweka njiani. Wanajitahidi pia kutofautisha milango na vitu vidogo kulingana na reli husika. Kasoro niliyonayo ni bei, na nyingine sio kosa lao: ni behewa la 1947 kuja mbele, kwa hiyo ukijaza treni nzima ya 1953 kwa PS-1 umedanganya, maana wakati huo njiani kulikuwa bado na mizee ya miaka ya 20 na 30 mingi tu, na ya mbao pia.

Accurail wanakupa boksi la vipande: mwili mmoja ulioshapakwa rangi na kuandikwa, sakafu, bapa la chuma la uzito, bogi, kapla za plastiki na vipande vya breki. Jioni moja unamaliza huku unasikiliza mpira. Kwa bei ya Kadee moja unakaribia kupata mawili ya hawa. Maandishi yao ni makali, hata herufi ndogo za takwimu zinasomeka kwa lenzi. Ila ngazi na vishikio vimeumbwa pamoja na ukuta, na magurudumu ni ya plastiki, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kutazama kwa karibu utaumia roho kidogo. Faida yao ambayo watu hawaisemi ni kwamba wana maumbo mengi, boksi za chuma, za mbao zenye mihimili nje, hopa za makaa (mabehewa ya kumwagia makaa kwa chini), ndio maana nasema ni watu wa kujaza treni.

Sasa kuboresha. Cha kwanza magurudumu, toa plastiki weka chuma, ya inchi 33 ambayo kwenye HO ni kipenyo cha milimita 9.6. Kuna upana mbili wa gurudumu, huitwa kodi (code kwa Kiingereza): kodi 110 ni kama milimita 2.8 na kodi 88 kama 2.2, wakati gurudumu la kweli likipunguzwa ni chini kidogo ya 1.7. Kwa hiyo 88 inapendeza zaidi, hasa likitazamwa kwa mwisho wa treni, ila kama swichi zako za njia umezinunua za bei chee litadumbukia kwenye pengo na kuruka, hapo rudi 110 bila aibu. Kapla weka Kadee 158 badala ya 148, kichwa chake kiko karibu na cha kweli, na nunua kile kipimo cha kimo cha kapla, ni kidogo tu lakini kinakuokoa na treni kukatika katikati.

Uzito: wale wa NMRA, chama cha wanamodeli wa reli cha Marekani, wanapendekeza aunsi moja jumlisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, kwa boksi la futi 40 inakuja kama gramu 106. Likipungua, vile vyuma vya kubalansi matairi vinafaa sana, vinakuja na gundi yake, bandika ndani juu ya sakafu kabla hujafunga.

Vishikio ndio kazi yenyewe. Unakwangua kile cha plastiki kwa wembe wa patasi, unatoboa kwa biti ya milimita 0.35, unapinda waya wa 0.3, unachomeka na tone la supagluu kwa ndani. Ukishazoea ni raha, ila ukikwangua rangi inatoka na kuipata ile ile ya kiwandani ni shughuli, kwa hiyo kama umeamua kufika huko nunua mwili usiopakwa na uweke dekali (maandishi na nembo za kubandika) mwenyewe. Mimi ngazi huwa siziondoi, nabadili vile vya kukanyagia chini pembeni, naweka vya chuma vya A-Line, maana vya plastiki vinavunjika ukishika vibaya, na nabadili ubao wa juu kwa ule wa chuma chembamba wa Plano pale behewa linapoutaka. Tumboni naweka fimbo ya breki na bomba moja vinavyoonekana kwa ubavu, mengine yote chini huko nani atalala sakafuni kuyaona.

Halafu tarehe ya kupima uzito, hii ni rahisi na karibu kila mtu anaisahau. Viwandani modeli inaandikwa kama behewa limetoka jana, NEW na mwezi wa 1947 tuseme. Lakini mabehewa yalikuwa yakipimwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na mafundi walipaka kiraka cha rangi mpya juu ya takwimu za zamani kisha wakaandika uzito mpya, alama ya karakana na mwezi. Kiraka hicho kinakuwa safi kuliko ukuta unaokizunguka. Kwa hiyo chafua behewa kwanza, masizi juu ya paa na tope kwenye ncha, ndipo upake kiraka na kubandika dekali ya 51 au 52. Gharama yake ni senti na hakuna kitu kinacholifunga behewa kwenye mwaka wake zaidi ya hapo.

Kuhusu nembo zipi ununue, boksi zilikuwa zinazurura nchi nzima, kwa hiyo hata kama reli yako iko mashariki lazima zionekane za Southern Pacific na Great Northern, na nyingi zaidi ziwe za Pennsylvania na New York Central maana ndio waliokuwa na kundi kubwa. Hopa za makaa ni tofauti, hizo zinakaa zaidi nyumbani kwao na njia zinazopakana.

Maksi: Kadee PS-1 naipa 9 kwa 10, moja nimekata kwenye bei. Accurail 7 ikitoka kwenye boksi, 8 na nusu ukishaifanyia kazi, na kwa treni ndefu ndiyo ninayoinunua tena. Ukiagiza kutoka nje weka magurudumu, kapla na kipimo kwenye oda moja na mabehewa, kifurushi cha vitu vidogo peke yake usafirishaji unaweza ukazidi bei ya vyenyewe, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji picha ya ncha ya behewa, wengi wanaweka ya ubavu tu.