TAHADHARI: hizo lenzi za Nikon (Nikkor) "200mm 2.8" zinazouzwa mtandaoni Dar ni f/4 iliyochorwa upya

Wakuu, kama una mpango wa kununua lenzi ya zamani ya kuvuta, zile za kufokasi kwa mkono, soma hii kabla hujatuma hela. Kuna jamaa yuko Dar anauza mtandaoni, ukurasa anabadilisha jina kila akishtukiwa so mjueni kwa mtindo wake tu. Tangazo lake ni "Nikkor 200mm f/2.8, imebaki moja", anataka nusu ya hela ndo akuwekee, ukimwambia nije niione ghafla yuko safarini, boda ataleta.

Sasa Nikon hawajawahi kutoa 200mm f/2.8 ya fokasi ya mkono. Hiyo namba ya f ndo apecha, tundu la kupitisha mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi. Walikuwa na 180mm f/2.8, na kwenye 200mm kulikuwa na f/4 na lile dude zito la f/2, ila 2.8 haikuwepo.

Dogo mmoja anayepiga mechi za usiku kaniletea aliyouziwa, nikaiangalia dakika mbili nikachoka. Kwenye maandishi ya mbele ile 4 imekwanguliwa ikaandikwa 2.8 kwa rangi nyeupe, na kazi yenyewe safi kwa kweli, ila fundi wake kasahau ringi ya apecha, bado namba zinaanzia 4 😂. Hapo dogo kalipia bei ya 2.8 kapata nusu ya mwanga, yaani pale alipotarajia kupiga kwa spidi ya 1/500 ya sekunde anashuka 1/250, miguu ya wachezaji inakuwa ukungu mtupu, au apandishe ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) toka 3200 hadi 6400 picha ijae chenga.

Hesabu ya kumkamata ni rahisi na haihitaji hata uishike lenzi. Chukua milimita gawanya kwa namba ya apecha: 200 kwa 2.8 unapata 71, kwahiyo kioo cha mbele lazima kifike kama mm 71 au zaidi. Muulize muuzaji inachukua filta saizi gani. Akisema 52 hiyo ni f/4, hata aape. Ile 180mm f/2.8 hesabu inatoa 64 na filta yake ni 72, hapo sawa. Na ukitaka hiyo 180 yenye glasi ya ED (glasi maalum ya kupunguza rangi za pembeni), ilianza 1981, ina pete ya dhahabu na maneno ED yako kwenye bodi ya lenzi, sasa huyu huyu anapaka pete ya dhahabu hata kwenye zile za zamani zisizo na ED, so msiamini pete peke yake.

Kitu kingine, anawauzia watu wa Canon lenzi za FD (mfumo wa zamani wa Canon wa fokasi ya mkono) akisema zinaingia Canon yoyote. Kwa DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) adapta isiyo na lenzi ndani yake haifokasi mbali, goli la upande wa pili utalisikia tu. Kwenye mirrorless (zisizo na hicho kioo) haina shida.

Na jamani mulikeni tochi ya simu kwa nyuma, ya dogo ina fangasi kama utando wa buibui.

Dogo kashablokiwa, RB ya polisi tumechukua. Kama na wewe kakupiga njoo inbox na meseji za muamala, tunaziunganisha tupeleke pamoja.