Gripu ya betri: nani anunue, na nani abaki na betri za akiba

Anayeuliza bei ya gripu ya betri, kile kishikio cha ziada kinachofungwa chini ya kamera na kubeba betri, huwa ana moja ya shida mbili. Ama kamera inamzimikia katikati ya shughuli, ama mkono unamuuma kwa kupiga picha za wima. Shida ya kwanza huondoka kwa betri, na betri haihitaji gripu. Ya pili ndiyo inayostahili gripu. Ndiyo maana nafasi mbili za juu katika mpangilio wetu si za gripu kabisa.

Piga hesabu kabla ya kufungua pochi. Canon 80D hukadiriwa kupiga picha 960 kwa chaji moja, Nikon D750 picha 1,230. Sony A7 III ni picha 610 ukichungulia kwa jicho, na Sony A6000, yenye betri ndogo ya NP-FW50, ni kama 360 ukitumia skrini. Makadirio hayo hutoka kwenye kipimo cha viwandani ambacho, kwa kamera yenye flashi yake ya ndani, huwasha flashi hiyo kwa nusu ya picha. Ukipiga mfululizo na flashi ya juu yenye betri zake, utazidi hapo. Ukikaa unatazama picha kwenye skrini na kumwonesha kila shangazi, utapungukiwa. Chukua harusi ya picha 1,500, kuanzia nikahi hadi biharusi anapotolewa ukumbini. Mwenye D750 anamaliza kwa betri mbili na salio linabaki. Mwenye A6000 anataka tano.

Nafasi ya kwanza: betri mbili za akiba na chaja ya njia mbili. Kubadilisha betri ni kazi ya sekunde chache. Ubaya ni mmoja tu: ukiisahau begini, hasa kamera ikiwa juu ya tripodi, utakosa tukio. Chagua chaja inayopokea umeme kwa waya wa USB, ili umeme ukikatika ichaji kwenye pawa benki. Unguja hupata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na walioshuhudia giza la 2008, kisha lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, hawahitaji kushawishiwa. Pawa benki ya mAh 20,000 ina nishati ya kama Wh (wati-saa) 74. Betri ya LP-E6N ya Canon ni Wh 14 hivi. Toa robo au zaidi inayopotea njiani, unabaki na chaji ya betri tatu, pengine nne. Usitegemee haraka: chaja ya namna hiyo ikipewa volti 5 na ampea 2 huchukua karibu saa nne kujaza betri mbili kwa pamoja, kwa hiyo ni kazi ya usiku.

Kwenye betri zenyewe, tazama namba. LP-E6N ya asili ni mAh 1,865, LP-E6NH ni 2,130, NP-FZ100 ya Sony ni 2,280. Ukikuta betri ya umbo la LP-E6 imeandikwa 2,600 au 3,000 kwa bei ya chee, iache hapohapo dukani. Ya asili ina uzito wa gramu 80 hivi. Ikiwa nyepesi mno kuliko yako, ndani hamna kitu. Na betri iliyoanza kuvimba usiiingize popote, kwenye kamera wala kwenye gripu, maana kuingia itaingia kwa nguvu, kutoka ndiyo kazi.

Nafasi ya pili: pawa benki moja kwa moja kwenye kamera. Hii ni ya kamera mpya zisizo na kioo cha ndani, na hasa kwa video ya tripodi. A7 III hukubali umeme wa USB ikiwa inafanya kazi. Canon R5 na R6 zinataka pawa benki yenye PD, yaani ya USB inayotoa umeme mwingi, na betri lazima ibaki ndani. Kwa anayetembea na kamera si suluhisho: waya ukivutwa na mtoto ukumbini, tundu la kamera ndilo linalovunjika, na tundu hilo limeunganishwa na bodi kubwa. Kama ni lazima, tumia waya wenye kichwa cha pembe na uufunge kwenye mkanda.

Nafasi ya tatu: gripu ya asili iliyotumika. Hapa ndipo anapoanzia mwenye shida ya mkono. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe ni mirefu, biharusi na gauni lake ni mrefu, mwimbaji jukwaani Ngome Kongwe wakati wa Sauti za Busara ni mrefu. Ukizipiga zote bila gripu, kiwiko kinakaa hewani usiku kucha. Gripu inakuletea kitufe cha kupigia na gurudumu la mipangilio upande wa chini, viwiko vinarudi mbavuni, na picha za mwanga hafifu zinatulia. Pia inaisawazisha lenzi nzito kama 70-200 f/2.8. Lakini gripu na betri zake mbili ni kama nusu kilo ya ziada. Asiyezoea uzito huo atachoka kabla hata zafa haijaingia.

Hakikisha namba, kwa sababu gripu haziazimani. BG-E14 ni ya 70D, 80D na 90D. BG-E13 ni ya 6D, lakini 6D Mark II inataka BG-E21. BG-E11 ni ya 5D Mark III na BG-E20 ya Mark IV. BG-R10 huingia R5 na R6. Kwa Nikon, MB-D15 ni ya D7100 na D7200, MB-D16 ya D750. Kwa Sony, VG-C3EM ni ya A7 III, na VG-C4EM ya A7 IV. Zipo pia za kukuchanganya: EG-E1 ya Canon RP ni kishikio tu, haina betri ndani, na MB-N10 ya Nikon Z6 ina betri lakini haina kitufe cha kupigia.

Ukifika dukani, Darajani au kwa mtu anayeuza yake, nenda na kamera yako na betri zako mbili zilizojaa. Zima kamera kabla ya kuifunga gripu. Kwenye Canon na Sony unang'oa mlango wa betri kwa kijiti kidogo kilicho karibu na bawaba, na gripu ina nafasi ya kuuhifadhia. Muuzaji akikosa mlango wake, ni wake, wako usiuache mezani. Kwenye Nikon D750 na ndugu zake betri ya mwili inabaki ndani, gripu inabeba ya pili, na ukitaka kubadilisha ya ndani lazima ufungue gripu nzima. Kaza gurudumu la kufungia gripu kwa vidole tu. Kisha shika kamera kwa mkono mmoja, gripu kwa mwingine, uizungushe kidogo: ikicheza, hiyo si yako. Washa, tazama kwenye menyu kama betri zote mbili zinaonekana. Toa moja, jaribu. Rudisha, toa ya pili, jaribu tena, kwani mara nyingi upande mmoja huwa umekufa na muuzaji hasemi. Fungua kile kiswichi cha vitufe vya wima (wengi wamerudisha gripu nzima kumbe kimefungwa), bonyeza nusu uone kama inalenga, piga mfululizo wa picha kumi. Zungusha gurudumu la mipangilio polepole: mlio mmoja, hatua moja. Likiruka hatua au kurudi nyuma, ndani pameshaingia chumvi.

Chumvi ndiyo inayoua gripu huku kwetu kuliko kuanguka. Kati ya kamera na gripu pana uwazi mdogo ambao unyevu ukiingia hautoki, na pini za mawasiliano zipo hapohapo. Zitazame kwa tochi ya simu. Rangi ya dhahabu ni nzuri. Ukungu mweupe au kijani ni kutu. Kutu kidogo hutoka kwa pamba ya masikioni na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kamera ikiwa imezimwa na betri zimetolewa. Baada ya kazi ya Paje au Nungwi, au vumbi la Mwaka Kogwa kule Makunduchi, fungua gripu, futa, ziache mbalimbali usiku mmoja pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu. Anayeiacha imefungwa masika nzima asishangae kamera ikianza kujizima.

Nafasi ya nne: gripu ya kampuni nyingine. Bei yake huwa sehemu ndogo tu ya ile ya asili, na zipo zinazofanya kazi vizuri. Matatizo yake yanajulikana: gurudumu linaloruka, tundu la tripodi lililokaa kwenye plastiki linaloyumba chini ya lenzi nzito, na kunyonya betri kamera ikiwa imezimwa. Kwa hili la mwisho, omba muuzaji akuruhusu kurudisha kesho yake. Jaza betri, zima, lala. Asubuhi chaji ikiwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia chache, rudisha. Nikon D7500, D5600 na Sony A6000 hazina pini za gripu wala gripu ya asili. Zile unazoziona hutumia waya mfupi wa pembeni kwa ajili ya kitufe cha kupigia, na waya huo hukatika. Kwa kamera hizo tunashauri uache kabisa.

Nafasi ya mwisho: gripu mpya ya asili. Si kwamba ni mbovu. Pesa yake hununua betri kadhaa za asili, na kamera ikibadilishwa gripu haifuati. Inunue kama kamera bado mpya, wateja wapo kila wiki, na iliyotumika haipatikani Zanzibar wala Kariakoo ya Dar.

Wapo ambao hatuwashauri gripu ya aina yoyote. Mpiga video wa gimbo, kile kishikio chenye mota kinachoituliza kamera, kwa sababu kamera haitasawazika na mota zitalia. Mtu anayedhani kasi ya mfululizo itaongezeka. Kwa kamera nyingi haiongezeki, na D850 inayopanda kutoka picha 7 hadi 9 kwa sekunde hufanya hivyo kwa MB-D18 ikiwa na betri kubwa ya EN-EL18 tu. Na anayepanda ndege ndogo kwenda Pemba na begi moja: betri za akiba na pawa benki ziingie naye ndani, ncha zimezibwa kwa utepe, wala zisiwekwe kwenye mzigo wa chini.