Tahadhari: Mawakala Wanaouza Ubia wa Bandia na Wenyeji wa Asili kwa Ajili ya Zabuni za Serikali ya Kanada

Ndugu zangu mnaoendesha kampuni ndogo za usafi, ulinzi, upishi na usafirishaji hapa Kanada, hasa mlioko Edmonton, Calgary na Winnipeg, kuna mawakala wanaopita katika jumuiya zetu wakiuza kitu wanachokiita ubia na Wenyeji wa Asili. Wanadai kwamba ukiwalipa ada ya kuanzia, watakutafutia mtu wa First Nations, Inuit au Métis, makundi matatu ya Wenyeji wa Asili wa Kanada, ambaye jina lake litaandikwa kwenye kampuni yako, na kwamba tangu hapo utapata kandarasi za serikali kuu bila kushindana na makampuni makubwa, kwa kuwa serikali hiyo ina mpango wa kutenga baadhi ya kandarasi kwa biashara za Wenyeji wa Asili. Msiwalipe. Wanachokiuza ni udanganyifu katika zabuni, na atakayeulizwa na wakaguzi ni yule aliyetia sahihi kwenye fomu, wala si wakala, ambaye jina lake halionekani popote.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ndogo, na karatasi za mawakala hao nimezisoma mwenyewe, kwa sababu mama mmoja mwenye kampuni ya usafi aliniletea ili nizipitie kabla hajatoa fedha. Karatasi ya kwanza ilikuwa nadhifu, ina jani jekundu la bendera juu kabisa ili ifanane na waraka wa serikali, nayo ilimpa mtu ambaye mama huyo hajawahi kuonana naye asilimia 51 ya hisa za kampuni. Karatasi ya pili, iliyobanwa nyuma ya ile ya kwanza, ilibatilisha kila kitu: mwenye hisa hizo atalipwa kiasi kidogo kila mwezi kwa matumizi ya jina lake, hatapiga kura katika maamuzi, hatatia sahihi hundi yoyote, hatadai gawio, na kandarasi ikimalizika atazirudisha hisa zake kwa dola moja. Ya tatu ilikuwa ankara ya dola 4,500 iliyoandikwa kuwa ni ada ya usajili wa serikali, na chini yake, kwa maandishi madogo, wakala alijitengea asilimia 8 ya kila kandarasi itakayopatikana.

Tuanze na ada hiyo. Serikali ya Kanada haitozi hata senti moja kumsajili mtu katika Orodha ya Biashara za Wenyeji wa Asili, ambayo iko chini ya wizara inayoshughulikia huduma kwa Wenyeji wa Asili. Mwombaji hujaza maombi mwenyewe, huthibitisha asili yake na huonyesha nyaraka za umiliki. Orodha hiyo iko wazi mtandaoni, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kutafuta jina la kampuni anayoambiwa kuwa imesajiliwa. Vilevile tovuti ya CanadaBuys, ambako zabuni za serikali kuu hutangazwa, husomwa bila malipo. Anayekudai fedha kwa ajili ya usajili huo anakuuzia kitu kinachotolewa bure, na kwa upande wako ni kitu usichostahili kukipata.

Nasema hukistahili kwa sababu sharti lenyewe halihusu jina kwenye karatasi. Biashara inayotambuliwa chini ya mpango huu ni lazima angalau asilimia 51 yake imilikiwe na kuendeshwa na Wenyeji wa Asili, na neno kuendeshwa ndilo ambalo mawakala huliruka. Ubia kati ya kampuni ya Mwenyeji wa Asili na kampuni nyingine unaruhusiwa kabisa, lakini nao unabanwa na sharti hilohilo la umiliki na uendeshaji, na pia ni lazima angalau asilimia 33 ya thamani ya kazi ifanywe na upande wa Wenyeji wa Asili. Serikali ina haki ya kukagua kabla ya kutoa kandarasi na baada ya kuitoa. Mkaguzi atauliza nani anatia sahihi hundi, nani anaajiri na kufukuza, na faida inakwenda wapi. Ile karatasi ya pili, ambayo wakala anasema ni ya kukulinda wewe, ndiyo ushahidi kamili dhidi yako.

Hata ile asilimia 8 ina tatizo lake, na hili wengi hawalijui. Masharti ya kawaida ya kandarasi za serikali kuu yanamtaka mkandarasi athibitishe kwamba hajamlipa wala hatamlipa mtu asiye mfanyakazi wake malipo yanayotegemea kupatikana kwa kandarasi. Kwa hiyo mtu anayekubali kumkatia wakala fungu kutoka kwenye kandarasi, kisha akatia sahihi masharti hayo, ameidanganya serikali kabla hata ya kuanza kazi.

Adhabu zake si za kuchezea. Kampuni inaweza kufungiwa kupewa kandarasi za serikali kuu kwa miaka mingi, na jambo likifika mahakamani, udanganyifu wa thamani inayozidi dola 5,000 una adhabu ya kifungo kinachoweza kufika miaka 14. Wengi wetu hapa tuna ukazi wa kudumu lakini bado hatujapata uraia, nasi tunapaswa kulitazama jambo hili mara mbili: chini ya sheria ya uhamiaji, mkazi wa kudumu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo kifungo chake cha juu kinafika miaka 10 au zaidi anaweza kunyang'anywa ukazi wake na kuondolewa nchini, hata kama hukumu aliyopewa yeye ilikuwa nyepesi. Wakala hataligusia hilo hata kidogo.

Tena kuna watu wanaoibiwa hapa, nao si sisi. Mpango huu ulianzishwa mwaka 1996, na kuanzia mwaka 2022 taasisi za serikali kuu ziliingizwa kwa awamu katika sharti la kuhakikisha kwamba angalau asilimia 5 ya thamani ya kandarasi zao inakwenda kwa biashara za Wenyeji wa Asili, ambao kwa sensa ya mwaka 2021 ni kama asilimia 5 ya wakazi wote wa Kanada. Haya si mapendeleo yaliyotoka hewani. Kwa miaka mingi mkulima wa First Nations katika majimbo ya nyanda (Manitoba, Saskatchewan na Alberta) hakuruhusiwa kuuza mazao yake nje ya eneo lake la hifadhi, yaani ardhi iliyotengewa jamii yake, mpaka apate kibali cha ofisa wa serikali, na kifungu hicho kilifutwa rasmi mwaka 2014 tu. Hadi leo, Sheria ya Wahindi (Indian Act), ambayo licha ya jina lake ni sheria ya Kanada inayowahusu First Nations, inazuia mali yao iliyoko hifadhini isikamatwe na mkopeshaji wa nje, jambo linalowalinda wasipoteze ardhi lakini linalowafanya wakose dhamana ya kupeleka benki. Kampuni ya bandia inapotwaa kandarasi, fedha hizo zinahesabiwa ndani ya asilimia 5, taarifa inaonyesha kwamba lengo limetimia, na kijana wa Cree, mojawapo ya First Nations, mwenye kampuni halisi ya ujenzi anabaki bila kazi. Mwaka 2024 viongozi wa Wenyeji wa Asili walilalamikia kampuni za namna hii mbele ya kamati ya Bunge mjini Ottawa. Sisi tuliotoka katika nchi zilizotawaliwa, na ambazo ardhi zake ziligawanywa na wageni, hatuna udhuru wa kushiriki.

Mawakala hawa huja kwa sura ya undugu. Wanazungumza Kiswahili, wanafika baada ya ibada au kwenye harusi, wanasema wana mtu wao Ottawa na kwamba nafasi zinafungwa wiki hii. Wanataka fedha zitumwe kwa Interac, njia ya kutuma fedha kutoka benki hadi benki, kwenye akaunti ya mtu binafsi, na ukiomba risiti yenye jina la kampuni wanakasirika.

Anayetaka kazi za serikali kwa njia halali asikate tamaa. Procurement Assistance Canada ni huduma ya serikali inayozisaidia biashara ndogo kuelewa zabuni, inaendesha mafunzo, na haitozi ada. Kufanya kazi chini ya kampuni halisi ya Wenyeji wa Asili iliyoshinda zabuni nako ni halali, mradi mgawanyo wa kazi uandikwe wazi ndani ya zabuni. Lakini mwendee mwenye kampuni mwenyewe. Onana naye ana kwa ana, ujue wafanyakazi wake na kazi alizokwisha kuzifanya, na umsikie akieleza mpango wake kwa kinywa chake. Kama wakala hataki mkutane bila yeye kuwapo, jua kwamba huenda hata huyo mwenye jina hajui anachotiliwa sahihi.

Na wewe uliyekwisha kulipa, usitie sahihi fomu nyingine yoyote. Kama zabuni imepelekwa na tarehe ya kufungwa haijafika, iondoe. Mwone wakili kabla hujajibu ujumbe wa wakala, iarifu benki yako leo, na hifadhi karatasi zote pamoja na jumbe za WhatsApp bila kufuta hata moja. Kisha toa taarifa kwa kituo cha kitaifa cha kupambana na utapeli, Canadian Anti-Fraud Centre, kwa namba 1-888-495-8501, ambako unaweza kuhudumiwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Asiyejiamini katika lugha hizo akae na mtu wa kumtafsiria wakati anapiga simu.