Lateksi ya maji na rangi zake: nimejaribu rangi nne kutafuta ngozi ya maji ya kunde

Habari zenu jamani, karibuni. Kabla sijasema lolote, tazameni mkono wangu wa kushoto. Kuna michirizi miwili hapa. Huu wa juu una rangi ya waridi na unaonekana hata ukiwa mlangoni. Huu wa chini, ngoja nisogeze mkono kwenye kamera, mnauona? Hamuuoni. Haya, naukwangua kwa ukucha. Umeinuka. Ni lateksi, mpira wa majimaji tunaotengenezea majeraha ya filamu, imelala juu ya ngozi yangu kutwa nzima.

Ule wa juu umetoka kwenye chupa iliyoandikwa ‘rangi ya ngozi’. Ngozi hiyo si yangu, na si ya waigizaji wengi ninaowapamba. Nimefanya kazi ya majeraha na makovu ya filamu hapa Dar kwa miaka kadhaa, na kila mara nilikuwa nafunika hiyo waridi kwa faundesheni juu yake, inabanduka, napaka tena. Leo nataka tuachane na mateso hayo. Nunua lateksi isiyotiwa rangi, uitie rangi mwenyewe.

Chupa yenyewe ndiyo hii, mililita 250, nyeupe kama maziwa. Ni utomvu wa mti wa mpira. Kama umewahi kupita Kihuhwi kule Muheza, au Kichwele, Unguja, umeona vikombe vimefungwa kwenye shina na maziwa yanadondoka taratibu. Ni hayo hayo, ila yametiwa amonia yasigande. Ndiyo maana ukifungua kifuniko harufu inakupiga puani. Fungua madirisha, washa feni, usiinamie chupa.

Sasa angalieni hapa mezani. Nachovya brashi kwenye kikombe nilichokwisha kukichanganya, napaka mstari kwenye kipande hiki cha kigae. Rangi yake kwa sasa ni ya chai ya maziwa, imepauka hivi. Tuiache ikauke, tutairudia.

Nimejaribu rangi za aina nne. Kila jaribio nilipima lateksi mililita 50 kwa bomba la sindano, nikapaka tabaka tatu kwenye kigae, nikaacha usiku mzima, kisha nikabandua na kuvuta.

Ya kwanza, rangi ya chakula, ile ya majimaji ya kupambia keki. Usitumie. Nyingine zimetiwa asidi, na utomvu ukikutana na asidi unaganda. Viwanda vya mpira hutia asidi makusudi ili kuugandisha. Kikombe changu kilikatika kama maziwa yaliyodondoshewa limau, mabonge yakaelea juu na maji chini. Nikajaribu ya chupa nyingine, hiyo haikukatika, lakini rangi ya chakula imeyeyuka ndani ya maji, haitulii kwenye mpira. Ukitoka jasho inatoka nayo. Ilinichafulia kola ya shati jeupe, na alama ya wekundu ikabaki shingoni siku mbili.

Ya pili, akriliki ya tyubu, ile ya wachoraji. Hii inafaa na inapatikana kirahisi, ila ina kipimo chake. Nimekata vipande vitatu. Hiki kina mililita 2 za akriliki: navuta, kinanyumbuka, narudisha, kimerudi. Hiki kina 5: kinavutika, ila mkono unahisi ugumu. Hiki kina 15... sikilizeni. Kimekatika, tena kwa mlio, kama karatasi. Plastiki ya akriliki inajipenyeza katikati ya chembe za mpira na yenyewe hainyumbuki kama mpira. Kwa hiyo mimi sivuki mililita 5 kwa kila 50. Ukiona rangi haijakolea, usiongeze rangi, ongeza tabaka.

Ya tatu, rangi ya unga, na hapa wasanii wa ufundi mnisikilize. Hii nyekundu ni ile ya kutia kwenye sakafu ya saruji, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni oksidi ya chuma. Kwa vinyago, vikaragosi na mapambo ya jukwaani inatoa wekundu wa udongo mzuri ajabu, na haifubai juani. Lakini ukimwaga unga mkavu moja kwa moja unafyonza maji ya lateksi na kufanya vidonge. Loweka kwanza kwa maji kidogo, uponde mpaka uwe kama uji mzito, uuache ulale, kisha uchuje kwa kitambaa cha soksi. Na jamani, ya sakafuni isiguse ngozi ya mtu. Imetengenezwa kwa ajili ya saruji. Za ngozi zipo, zinauzwa kama rangi za vipodozi, nazo pia nyingi ni oksidi za chuma.

Nikiwa kwenye unga, nina jambo linaloniuma. Nilitengeneza taji na kinyago cha mfalme kwa ajili ya tamthilia ya shule, nikatia unga wa dhahabu. Kilimeremeta, watoto wakafurahi. Baada ya miezi michache nikakitoa kwenye boksi, kimekuwa kinanata kama gundi upande mmoja na upande mwingine kimepasukapasuka. Unga ule ulikuwa wa shaba, na shaba ni sumu ya mpira, inauozesha haraka. Kazi ya wiki mbili ikaenda. Ukitaka dhahabu, tafuta unga wa maika, ule unaometa kwenye vivuli vya macho. Kopo la rangi ya mafuta nalo liache palepale dukani, mafuta yanalainisha mpira mpaka unalegea.

Ya nne ndiyo niliyoipenda: pigmenti ya maji, yaani unga wa rangi uliokwisha kusagwa ndani ya maji, inakuja kwenye vichupa vyenye mdomo wa kudondosha. Inatosha matone. Haina plastiki nyingi, kwa hiyo mpira unabaki mpira. Mchirizi huu wa chini mkononi, ule msiouona, ni wa hiyo.

Na sasa tufike kwenye ngozi yenyewe. Lateksi ikikauka yenyewe, bila rangi, haibaki nyeupe. Inakuwa na umanjano wa asali. Weupe mnaouona kwenye chupa ni vichembe vya mpira vinavyoelea kwenye maji na kutawanya mwanga. Maji yakiondoka vichembe vinaungana, mwanga unapita, weupe unatoweka. Kwa anayetafuta ngozi ya waridi, umanjano huo ni usumbufu. Kwetu sisi ni mtaji! Nusu ya maji ya kunde imeshawekwa na mti.

Kwa mililita 50 mimi naanza na matone 6 ya nyekundu ya udongo, 2 ya njano, 1 ya bluu iliyokoza. Kwa mtu mweusi zaidi naongeza nyekundu na bluu kwa pamoja. Nyeusi naiogopa, kwa sababu ukizidisha hata tone moja ngozi inageuka majivu, na kwenye taa za kamera mwigizaji anaonekana mgonjwa. Koroga polepole kwa kijiti, usitikise chupa, mapovu yakiingia yatakuwa matundu kwenye kidonda chako. Brashi ichovye kwanza kwenye maji ya sabuni, la sivyo ni ya kutupa. Tabaka likikauka, pitisha poda ya mtoto juu, maana lateksi kavu ikigusana inashikana na haiachani.

Kuhusu usalama, sitanii. Siku moja kabla, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko cha mwigizaji. Anayewashwa na glavu za mpira au puto, usimpake kabisa. Muulize pia kama ndizi au parachichi humwasha mdomo, kwa sababu wapo ambao mwili wao unazikataa hizo na mpira pamoja. Nyusi na ndevu zipakwe Vaseline kwanza. Machoni, hapana.

Kwa hiyo chupa hii isiyo na rangi naipendekeza, pamoja na vichupa vitatu vya pigmenti: nyekundu ya udongo, njano, bluu. Ile iliyotiwa rangi kiwandani sitainunua tena.

Haya, turudi kwenye kigae. Kikombe hiki hapa, bado ni chai ya maziwa. Na mstari niliopaka mwanzoni... umeshakauka. Ni chai ya rangi. Mchanganyiko ni ule ule, sijagusa kitu. Nabandua, nauweka juu ya kifundo cha mkono. Mmeona ukingo uko wapi?