Tuma Kwanza, Bosi

Leo asubuhi nimeamka nikakuta ujumbe wa wakala wa boti: "Bosi wangu, za siku? Naomba utupe nyota tano na maneno mawili matatu mazuri, biashara ngumu." Maneno ninayo. Hayatakuwa mawili matatu.

Ni ile safari ya boti kuzunguka visiwa vya hapa Dar, likizo ya shule ya katikati ya mwaka. Ilikuwa wiki ya Saba Saba au iliyofuata, sina hakika. Nakumbuka watoto walitaka twende Maonyesho, nikawaambia kule ni vumbi na foleni ya Kilwa Road, mwaka huu baba anawapeleka baharini. Nilijisikia baba kweli kweli.

Wakala nilimpata ufukweni Kunduchi, kijana wa miwani ya jua na simu mbili. Jina la ofisi yake silitaji, mke wangu kanikataza, na kwetu mwenye busara ni yeye. Mpango ulikuwa tuanze Mbudya, tupite Pangavini, tushuke Bongoyo tuogelee, jioni turudi. Alianza na laki tatu na nusu. Nikamkaba, nikamkaba, akashuka hadi laki mbili na themanini. Nikaondoka nimejaa ujanja. Hiyo bei ishikeni, nitairudia, ingawa sipendi.

Tulikuwa saba: mimi, mke wangu, watoto watatu, shemeji yangu aliye chuo, na mama mkwe aliyekuja kutusalimia kutoka Singida. Mama alikuwa hajawahi kupanda chombo cha majini. Maji mengi aliyoyazoea ni Ziwa Singidani, na lile, anasema, lina adabu, limekaa mahali pake.

Boti ina urefu gani, mashine ya farasi wangapi, nenda mwenyewe ukaone. Mimi nataka kuongelea dumu.

Dumu la lita ishirini, lilikuwa jeupe zamani, sasa rangi ya meno ya mvuta sigara. Limewekwa nyuma, karibu na miguu ya nahodha, na petroli iliyomo unaiona kwa nje. Ilikuwa haijafika hata nusu. Nahodha ni mzee wa hapo hapo Kunduchi, mkimya, suruali kaikunja hadi magotini. Kabla hatujasukuma boti alimwambia yule kijana, na mimi nimesimama pale pale nimebeba mtoto: "Hii haitoshi. Leo kusi kali, na Bongoyo tunakwenda tunaupinga upepo."

Kijana akasema, "Mzee, inatosha hiyo. Wewe peleka wageni."

Nilisikia. Nikakaa kimya. Nilijua wananichezea mchezo ili niongeze hela.

Mbudya, nisiwe mnafiki, ilikuwa raha. Dakika ishirini hivi tumefika. Maji unaona vidole vyako vya miguu. Banda la makuti, mibuyu nyuma, changu wa kuchoma na pweza, chipsi, ndimu, pilipili ya kutoa jasho. Mama mkwe alivua viatu, akasogea hadi maji yakamgusa kisigino, akaruka nyuma, akarudi tena, akaonja kwa kidole. "Kumbe ni kweli chumvi." Miaka yote alidhani tunatia chumvi wenyewe kwenye hadithi. Mzee aliwaambia watoto kwamba kisiwani humo kuna kaa wakubwa wanaopanda minazi usiku na kupasua nazi kwa gando, na wanangu wakakataa kabisa kwenda msalani bila shemeji. Akawaonyesha pia matumbawe yaliyovunjwavunjwa na wavuvi wa baruti, na mengine yanayoota upya pembeni. Visiwa hivi vimetengwa kuwa hifadhi tangu 1975, mimi bado sijazaliwa, na ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda, nimekaa Dar maisha yangu yote. Hiyo aibu ni yangu.

Ada ya hifadhi, ambayo kijana aliapa kuwa "imo ndani bosi, kila kitu kimo ndani," haikuwemo. Nikalipa. Laifu jaketi za watoto hazikuwepo. Mwanangu mdogo alivalishwa ya mtu mzima ikamfika magotini, akawa kama kuku ndani ya kanzu. Ningekuwa na akili ningeshuka hapo hapo Kunduchi. Lakini hata hayo siyo yaliyonichoma.

Baada ya adhuhuri tukang'oa nanga kwenda Bongoyo. Kwa asiyejua: kutoka Mbudya kwenda Bongoyo unaelekea kusini, na miezi hiyo upepo unatokea huko huko kusini. Asubuhi unakuwa bado unapiga miayo. Mchana umeshaamka na umekasirika. Pua ya boti inapanda, inashuka, pwaa, maji ya chumvi usoni, inapanda tena. Mashine inanguruma kama lori kwenye Mlima Kitonga, na kila ikinguruma mafuta yanakwenda. Bahari siiangalii tena. Naangalia lile dumu, kama mtu anavyoangalia mita ya LUKU usiku wa Jumapili na mfukoni hana kitu.

Usawa wa Pangavini mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Pangavini ni kisiwa kidogo cha mwamba, chini kimeliwa na mawimbi, siyo mahali pa kusema haya tushukeni tupumzike. Mzee aliminya ile pampu ya mpira inayovuta mafuta, ikabaki bapa mkononi. Kamba ya kuwashia hakuivuta hata mara moja. Alijua tangu asubuhi.

Ule ukimya siutamani tena. Maji yanagonga ubavu, boti inalala upande, inainuka, inalala upande mwingine. Mama mkwe akatoa rozari. Mke wangu akanishika mkono, akaninong'oneza neno moja tu: "Skagit." Mwezi wa saba kama huo, 2012, ile meli iliondoka hapa hapa Dar kwenda Unguja, upepo mkali vilevile, ikapinduka karibu na Chumbe. Mtu wa Dar wa umri wetu haelezwi zaidi ya hapo.

Mtandao upo vizuri tu, maghorofa ya Masaki yale pale unayaona. Nikapiga simu. Hapokei. Hapokei. Hapokei. Mara ya nne:

"Bosi wangu!"

"Tumeishiwa mafuta."

"Mko wapi?"

"Pangavini."

"Aah. Bosi, mlizunguka sana Mbudya nini?"

Tulizunguka! Mbudya tulikaa kwenye mkeka tukala samaki! Tulizunguka na nini, na mifupa?

"Lete boti nyingine," nikamwambia.

"Boti ipo bosi, ila haina mafuta. Tuma elfu arobaini kwanza, namba hii hii, dogo akimbie akanunue."

Nani nchi hii hajawahi kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Miaka yote nawacheka wanaotuma. Nikamwambia kijana, nina watoto humu, nina mama mkwe humu, boti inaelea. Akanijibu, na hili nalirudia neno kwa neno kwa sababu linanipigia kelele kichwani mpaka leo nikipiga mswaki:

"Bosi, baharini hakuna sheli. Mngeuliza mafuta kabla ya kupanda."

Mngeuliza.

Yaani mimi. Nikipanda daladala ya Mbagala huwa nachungulia tangi? Nikienda kinyozi huwa nauliza kama umeme amelipia? Mtu ana nahodha wake kamwambia kwa mdomo kwamba mafuta hayatoshi, kamkatiza, leo anakuja kuniambia mimi ningeuliza! Nilitamani simu iwe na shingo.

Nikatuma. Ndiyo, nilituma, na makato juu yangu. Mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine unabonyeza namba ya siri, na shemeji ananikumbusha, "Shemeji, hakikisha jina kwanza." Jina lilikuwa lenyewe.

Mzee hakujishughulisha na simu yetu. Alikuwa ameshafungua lile turubai la kutukinga jua. Akasimamisha kasia, akalikaza kwa kamba kwenye benchi la katikati, akafunga turubai juu na chini, akampa shemeji ncha ya kamba: "Nikikwambia legeza, legeza. Usinionyeshe nguvu." Boti ikajigeuza polepole hadi upepo ukawa mgongoni kwetu, turubai likavimba, tukaanza kwenda. Hatukwenda kasi, ila tulikwenda. Kisha akamgeukia mama mkwe, akamwambia kwa sauti ya mtu anayekaribisha chai, "Mama, ondoa wasiwasi. Upepo huu unakwenda nyumbani kwangu."

"Haya baba," akasema mama, akarudisha rozari kwenye pochi.

Hapo ndipo hasira yangu inapopoteza njia. Kwa sababu ile saa na kitu ya kurudi, nikiwauliza wanangu leo, ndiyo safari yenyewe. Mzee aliwafundisha majina: huu ni kusi, mwisho wa mwaka huja kaskazi, na alfajiri kuna umande unaotoka bara, huo ndio unaowatoa wavuvi wa ngalawa kwenda nje. Mwanangu wa kwanza sasa kila asubuhi anatoka uani kwetu Tabata, analoweka kidole, ananyoosha juu, anatutangazia. Mara nyingi anakosea, kuna ukuta wa jirani. Lakini anatangaza.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilikuwa nimeandika moja. Nikakumbuka mzee, nikaweka tatu. Halafu nikakumbuka boti ya uokoaji, nikafuta zote.

Boti ya uokoaji ilitukuta watu wa ufukweni tunawaona sura. Dogo anatupungia mkono, anacheka, ameleta petroli. Petroli ya elfu arobaini. Mnajua ilikuwa ndani ya nini? Chupa mbili za maji ya kunywa, zile za lita moja na nusu. Mbili! Bei ya petroli mnaijua wote, hesabu fanyeni wenyewe, mimi nikifanya presha inapanda.

Maji yalikuwa yamekupwa, boti ikagusa mchanga mbali kidogo, ikabidi kushuka na kutembea. Kukazuka suala la mama mkwe. Kwetu mkwe hambebi mkwewe mgongoni, hata bahari ikauke, kwa hiyo shemeji alimbeba mama yake na mimi nikabeba viatu. Kijana wa miwani anatusubiri mchangani, miwani bado usoni na jua linazama.

"Bosi, mmefurahia?"

Nikaomba elfu arobaini yangu. "Imeshaingia kwenye mafuta, bosi." Nikamwuliza Bongoyo tuliyoilipia je. "Mtakuja siku nyingine, nitawapunguzia." Mke wangu akanishika kiwiko. Ananifahamu.

Sasa ile bei. Usiku nikiwa kitandani huwa najiuliza, ile elfu sabini niliyomkaba nayo, ndani yake kulikuwa na lita ngapi? Hesabu hiyo nayo ninayo. Siipendi. Inawezekana nusu ya dumu lile niliipunguza mimi kwa mdomo wangu, huku najisifu.

Hapana! Bei aliikubali yeye. Kama haitoshi, useme haitoshi. Mzee alisema.

Ukitaka kwenda, nenda, Mbudya usinyimwe na ugomvi wangu. Miezi ya kusi ondoka asubuhi mapema, na Bongoyo panda boti za Msasani, ni karibu zaidi. Dumu litikise kwa mkono wako mwenyewe. Maswali yako muulize anayeshika usukani, si anayeshika simu.

Mama mkwe karudi Singida. Ninavyosikia, mtaani kwao sasa tulivuka bahari kwa turubai, siku nzima, na kaa walikuwa wakubwa kama mbuzi. Juzi kampigia binti yake, akauliza watoto, akauliza mvua, halafu: "Na ile Bongoyo mtanipeleka lini? Kwa yule baba, siyo kwa yule wa miwani." Namba ya mzee tunayo, mke wangu aliiomba kimya kimya nilipokuwa nagombana.

Basi wewe kijana, ujumbe wako nimeusoma. Nyota zipo, hata tano zinaweza kupatikana. Tuma elfu arobaini kwanza. Namba hii hii.